Zawadi ya Mshika Mkia

Jioni moja pale uwanjani kwetu, tumekaa kwenye zege tunapunga upepo baada ya mazoezi, dogo mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Kaka," akasema, "hivi ni kweli kule Marekani kuna timu zinafungwa makusudi?"

Wenzake wakacheka. Kwao, kufungwa makusudi maana yake ni moja tu: kuna mtu kala hela. Nikamjibu kuwa ni kweli, ila hakuna aliyekula hela. Kicheko kikakatika. Dogo akaniangalia kama mtu anayezungushwa. "Sasa kama hakuna hela, wanafungwa ili iweje?"

Nilijaribu kumweleza mpaka giza likatukuta, na sidhani kama alinielewa. Ndiyo maana naliandika jibu hapa. Ni historia ya miaka zaidi ya 40, na ndani yake wamo vijana wa Afrika wengi kuliko unavyoweza kudhani, ndugu msomaji.

Tuanzie kwenye shina. Kwetu sisi, timu inayoshika mkia kwenye ligi inashuka daraja. Hiyo ni fimbo, na kila mtu anaiogopa. Ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, haina fimbo hiyo. Timu zake 30 hazishuki popote, hata ikitokea moja ikafungwa mechi zote za msimu. Wenyewe waliamua kwamba aliyeanguka apewe mkono wa kumwinua. Kila mwaka vijana wapya wanaoingia kwenye ligi wanagawanywa katika uteuzi unaoitwa drafti. Si drafti yetu hii ya vizibo vya soda kijiweni, ingawa nayo ina kete zake. Timu zinaitwa kwa zamu, kila moja inachagua kijana mmoja, na kijana akishachaguliwa hawezi kwenda kujisajili timu nyingine ya ligi hiyo eti kwa sababu anaipenda. Msingi wake tangu drafti ya kwanza mwaka 1947 ulikuwa rahisi: kibonde atangulie.

Ni wazo la huruma, na mimi silidharau. Bila hilo, matajiri wa miji mikubwa wangezoa vipaji vyote. Lakini kumbuka kwamba kwenye soka wapo 11 uwanjani, na nyota mmoja anaweza kumezwa na ubovu wa wenzake. Kwenye kikapu wapo watano tu. Kijana mmoja wa ajabu anaweza kuibeba timu mgongoni kwa miaka 10 au 15. Kwa hiyo nafasi ya kwanza katika uteuzi si zawadi ndogo. Ni sawa na kumwambia mwanafunzi wa mwisho darasani kwamba atalipiwa ada mpaka chuo kikuu, halafu umshangae wa pili kutoka mwisho anapoanza kukosea hesabu.

Kuanzia mwaka 1966 nafasi ya kwanza ilitolewa kwa kurusha shilingi. Timu iliyoshika mkia upande wa Mashariki na ile ya Magharibi zilikutanishwa, sarafu ikarushwa juu. Mwaka 1969 zilikuwa Milwaukee na Phoenix, na aliyekuwa anagombewa ni Lew Alcindor, ambaye dunia ilikuja kumfahamu kama Kareem Abdul-Jabbar. Phoenix wakachagua kichwa. Sarafu ikalala upande wa pili. Miaka miwili baadaye, 1971, Milwaukee walikuwa mabingwa. Phoenix, mpaka msimu ulioisha mwaka 2025, walikuwa hawajaonja ubingwa hata mara moja.

Sasa njoo mwaka 1984. Houston Rockets walikuwa wametoka kushinda shilingi ya mwaka 1983 na kumchukua jitu Ralph Sampson. Ungetegemea wapande. Wapi! Walipoteza mechi 14 kati ya 17 za mwisho na kumaliza na ushindi 29 na vipigo 53, mkiani mwa Magharibi. Waliokuwa juu yao, Clippers wa San Diego, walikuwa na ushindi 30. Ushindi mmoja tu! Na katika moja ya mechi za mwishoni, iliyokwenda muda wa nyongeza dhidi ya San Antonio, mkongwe wao Elvin Hayes, mwenye miaka 38 na aliyekuwa anasugua benchi msimu mzima, aliachwa uwanjani dakika zote 53. Houston wakafungwa. Kisha wakashinda shilingi kwa mara ya pili mfululizo, na wakamchukua kijana wa Lagos, Nigeria, aliyewahi kuwa golikipa kabla ya kushika kikapu. Huyo ndiye Hakeem Olajuwon.

Je, walifungwa makusudi? Watu wengi waliamini hivyo, na bado wanaamini. Lakini tazama jambo moja. Hayes alistaafu baada ya msimu ule, na ukijumlisha dakika zote alizocheza katika ligi unapata 50,000 kamili, bila hata moja kuzidi. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: kocha alikuwa anamheshimu mzee afikishe hesabu yake. Mwingine atasema: alikuwa anatafuta kipigo. Kitendo ni kilekile, dakika ni zilezile, na moyo wa mtu haufunguliwi kama kabati. Hapa ndipo penye mzizi wa fitina yote. Sheria inaweza kuona mchezaji kakaa benchi, lakini haiwezi kuona kwa nini kakaa.

Wakubwa wa ligi, chini ya kamishna mpya David Stern aliyeingia ofisini Februari 1984, waliliona hilo. Kama huwezi kuadhibu nia, basi iguse zawadi. Mwaka huohuo wa 1984 wenye timu wakapiga kura kuachana na shilingi. Mei 1985, katika hoteli ya Waldorf Astoria mjini New York, bahati nasibu ya kwanza ikachezeshwa. Timu saba ambazo hazikuingia hatua ya mtoano ziliwekwa kwenye bahasha saba, bahasha zikazungushwa ndani ya pipa, na kila moja ilikuwa na nafasi sawa. Aliyekuwa anasubiriwa ni Patrick Ewing, mzaliwa wa Kingston, Jamaika. Wakashinda New York Knicks.

Maneno yakaanza palepale, na hayajaisha hadi leo: eti bahasha ya Knicks iligandishwa kwenye barafu ili ijulikane kwa kuguswa, eti kona yake ilikunjwa. Hakuna aliyewahi kuthibitisha. Kinachothibitika ni kwamba Golden State, waliofungana na Indiana kwa ubovu katika ligi nzima wakiwa na ushindi 22 tu, waliangukia nafasi ya saba. Dawa ya kwanza ikawa imeleta ugonjwa wa pili: umeua tamaa ya kufungwa, lakini kibonde wa kweli naye umemwacha barabarani.

Ndugu msomaji, ukiishika kamba hiyo, umeishika historia yote iliyobaki. Kamba ina ncha mbili. Ukivuta upande wa kumsaidia kibonde, unawakaribisha wanaojifanya vibonde. Ukivuta upande wa kuwafukuza wanaojifanya, unamwumiza aliye kibonde kweli. Kanuni zote zilizofuata ni watu kuvutana kamba hiyo hiyo.

Mwaka 1987 walivuta kidogo: bahati nasibu iamue nafasi tatu za kwanza tu, zinazobaki zifuate ubovu. Mwaka 1990 wakavuta tena: timu 11, kura 66, kibonde wa kwanza apate kura 11, wa pili 10, hivyo hivyo mpaka wa mwisho mwenye kura moja. Ilionekana ni haki tupu. Halafu ukaja mwaka 1993. Orlando Magic, waliokuwa wamempata Shaquille O'Neal mwaka mmoja tu kabla, walimaliza na ushindi 41 na vipigo 41 na kukosa mtoano kwa wembamba wa unywele. Walikuwa na kura moja kati ya 66. Ikatoka hiyo hiyo! Dallas, waliofungwa mechi 71 mwaka huo, wakateremka mpaka nafasi ya nne. Kelele zilizopigwa zilizaa kanuni ya mwaka 1994: mipira midogo 14 yenye namba, inatolewa minne, michanganyiko inayowezekana ni 1,001. Mmoja unaachwa, 1,000 inagawanywa, na mshika mkia anapewa 250. Nafasi yake ya kushinda ikapanda kutoka karibu asilimia 17 hadi 25.

Hapa historia ina utani wake. Fainali ya mwaka 1995 iliwakutanisha Houston ya Olajuwon na Orlando ya Shaquille. Yaani mtoto wa shilingi dhidi ya mtoto wa kura. Mtoto wa shilingi alishinda nne kwa bila.

Asilimia 25 ni nyingi, lakini angalia walivyoteseka waliozitegemea. Mwaka 1997 Boston Celtics walikuwa na ushindi 15 tu, na kwa kuwa walishika pia nafasi ya timu nyingine, mkononi walikuwa na asilimia 36 za kumpata Tim Duncan. Wakapata nafasi ya tatu na ya sita. Duncan akaenda San Antonio, timu iliyoanguka mwaka ule baada ya nyota wake David Robinson kuumia na kucheza mechi sita tu. San Antonio wakatwaa ubingwa mara tano wakiwa na Duncan.

Na sisi Watanzania tuna ukurasa wetu humu. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walikuwa wa sita kwa ubovu, lakini mipira ikawarusha hadi nafasi ya pili. Kwa nafasi hiyo wakamchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, mrefu wa zaidi ya mita 2.2, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Tulishangilia sana mitaani, na tulikuwa na haki. Lakini nafasi ya pili ina uzito wake. Nyuma yake walichaguliwa James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Februari 2010 Thabeet alipelekwa ligi ndogo ya kunolea wachezaji, na hapo alikuwa ndiye aliyechaguliwa nafasi ya juu kuliko wote waliowahi kupelekwa huko. Watu wakamzomea kana kwamba yeye ndiye aliyejipangia namba. Mipira 14 ingedondoka tofauti kidogo, angechaguliwa wa sita au wa nane, labda angeachwa akomae taratibu, na hakuna ambaye angemdai kuwa Curry. Tukizungumzia bahati nasibu huwa tunazungumzia timu. Tunasahau kwamba kijana naye anaingizwa kwenye pipa.

Mwingine ni Bismack Biyombo wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili chake ukikisikia unatabasamu. Aliingia ligi mwaka 2011, akaangukia Charlotte Bobcats, timu iliyomilikiwa na Michael Jordan mwenyewe. Msimu ulifupishwa kwa mgogoro wa mikataba, wakacheza mechi 66. Charlotte walishinda saba. Saba! Walifungwa 23 za mwisho bila kupumzika, na kwa hesabu ya asilimia haijawahi kuonekana timu mbovu kama ile katika ligi hiyo. Biyombo alikuwa na miaka 19. Aliyesubiriwa mwisho wa msimu alikuwa Anthony Davis. Charlotte wakaingia kwenye droo na asilimia zao 25, wakatoka na nafasi ya pili. Davis akaenda New Orleans.

Namfikiria sana yule kijana wa miaka 19. Wachezaji hawafungwi makusudi. Hilo nalisema bila kigugumizi. Mchezaji anacheza kwa ajili ya mkataba wake unaofuata, kwa jina lake, na kwa mama yake anayetazama. Kufungwa kunapangwa juu, ofisini: anauzwa mzuri, anasajiliwa wa bei rahisi, anaambiwa aliyeumia vidole apumzike mwezi mzima. Halafu vijana wanavalishwa jezi, wanaambiwa nendeni mkapigane. Wanapigana kweli, na hawajui kwamba wakishinda, kuna mtu huko juu anakunja uso.

Aliyeifanya kazi hiyo bila kuficha ni Sam Hinkie wa Philadelphia 76ers. Tangu mwaka 2013 aliuza karibu kila mwenye thamani na kulimbikiza nafasi za uteuzi. Msimu wa kwanza ushindi 19, wa pili 18, wa tatu 10 dhidi ya vipigo 72. Mwaka 2014, kwa nafasi ya tatu, wakamchagua Joel Embiid wa Yaoundé, Kameruni, ambaye alikosa misimu miwili mizima kwa majeraha. Mashabiki waligawanyika. Wapo walioona aibu, na wapo walioanza kuimba kwamba tuwe na subira, tuuamini mchakato. Hebu fikiria: umelipa kiingilio, umekaa na mwanao, na moyoni unaomba timu yako ifungwe.

Ligi ikajaribu kubadili kanuni Oktoba 2014. Zilihitajika kura 23 kati ya 30, zikapatikana 17. Timu za miji midogo ziliogopa: "Leo ni Philadelphia, kesho ni sisi, nani atatuinua?" Hinkie alijiuzulu Aprili 2016. Miaka minne mfululizo, 2015 hadi 2018, nafasi ya mshika mkia ndiyo ikawa inatoka ya kwanza, na somo likawaingia wote. Mwisho wake, Septemba 2017, kura ikarudiwa: 28 ndiyo, moja hapana, mmoja hakuchagua upande. Kanuni mpya ilianza na uteuzi wa mwaka 2019. Vibonde watatu wa mwisho walipewa nafasi sawa, asilimia 14 kila mmoja. Zikawa zinachezeshewa nafasi nne badala ya tatu. Mshika mkia akawa anaweza kuteremka hadi nafasi ya tano.

Je, imesaidia? Kuanzia 2019 hadi 2025, timu yenye matokeo mabaya kuliko zote haikupata nafasi ya kwanza hata mara moja. Detroit walifungwa mechi 28 mfululizo msimu wa 2023/24, wakawa wa mwisho, wakapewa nafasi ya tano kwa mwaka wa tatu mfululizo. Mwaka 2025 Dallas, wenye asilimia 1.8 tu, wakashinda na kumchukua Cooper Flagg. Hapo anayejifanya kibonde lazima afikirie mara mbili. Lakini kamba ina ncha ya pili: Detroit wa msimu ule hawakuwa wanajifanya. Walikuwa wabovu kweli, na mkono wa kuwainua ukapita juu ya vichwa vyao.

Na ujanja haukufa, ulihama. Aprili 2023, Dallas hao hao walikuwa bado na njia nyembamba ya kuingia mtoano. Lakini nafasi yao ya uteuzi ilikuwa ya New York, isipokuwa ikiangukia ndani ya kumi bora. Wakawaweka nje wachezaji wao kadhaa tegemeo dhidi ya Chicago, wakafungwa. Ligi ikawatoza faini ya dola 750,000. Faini ikalipwa, nafasi ikaangukia ya kumi, ikabaki mikononi mwao. Kwa tajiri, faini ya namna hiyo ni bei tu, kama bei nyingine yoyote dukani.

Wapo waliopendekeza kuuvunja mchezo wote. Mwaka 2013 Mike Zarren wa Boston alileta wazo la gurudumu: kila timu ijue nafasi zake za miaka 30 ijayo, zizunguke kwa zamu, ushinde au ufungwe. Hapo hakuna sababu ya kufungwa, ila hakuna huruma pia. Wengine wanasema hesabu igeuzwe: timu ikishakosa kabisa njia ya mtoano, ianze kuhesabiwa ushindi, na mwenye pointi nyingi kuanzia siku hiyo atangulie kuchagua. Kibonde halisi ataanza kuhesabiwa mapema, kwa hiyo ana muda mrefu wa kukusanya, lakini lazima akusanye kwa kushinda. Ligi ya wanawake ya hoki ya barafu huko Amerika Kaskazini, iliyoanza mwaka 2024, inatumia kanuni hiyo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo inayokaribia kuzishika ncha zote mbili za kamba, kwa sababu inamwambia aliyeanguka: tutakusaidia, ila tunataka kukuona unainuka.

Nilipomkuta tena yule dogo nikamwambia kwa kifupi. Nikasema, mdogo wangu, wanafungwa ili kesho washinde. Akafikiri kidogo, akadundisha mpira mara mbili.

"Sasa kaka, na yule anayecheza leo? Yeye kesho yake iko wapi?"

Nimepitia kanuni zote, kuanzia shilingi ya mwaka 1966 hadi mipira 14 ya leo. Zote zinajibu swali la mwenye timu. Swali la dogo bado linasubiri.